Waya wa Kuchajia Betri za Mabomba ya Dawa: Namna Chama cha Msingi Kinavyoweza Kujitengenezea

Katika ukanda wa pamba wa magharibi, kuanzia Simiyu na Shinyanga hadi Mwanza na Geita, mbegu huanza kupandwa katikati ya mwezi wa Novemba. Ifikapo miezi ya mwanzo wa mwaka, mkulima huwa na adui mmoja mkubwa shambani, naye ni funza wa vitumba. Funza huyo hasubiri. Akiwa bado mdogo juu ya jani, dawa humpata. Akishaingia ndani ya kitumba, dawa hupita juu yake naye huendelea kula. Kwa hiyo bomba la kupulizia dawa lililolala ghalani siku tatu kwa kukosa chaji laweza kumgharimu mwanachama sehemu kubwa ya mavuno yake, hata kama dawa anayo na nguvu za kupulizia anazo.

Wakulima wazee wanayakumbuka mabomba madogo yaliyoendeshwa kwa mawe ya tochi. Mawe yalipokwisha, yalinunuliwa mengine dukani. Siku hizi vyama vingi vya msingi vimejipatia mabomba ya mgongoni ya lita 16 yenye betri ya kuchaji, na kuyakodisha kwa wanachama. Bomba hilo humwondolea mkulima kazi ya kupampu kwa mkono, lakini limeleta shida nyingine: chaja yake hutaka umeme wa ukutani, na vijiji vingi bado mashamba na maghala yake yako mbali na nguzo. Tena chaja hizo ni nyepesi. Aghalabu huungua au hupotea kabla bomba lenyewe halijachakaa. Ndipo huonekana watu wakiunga nyaya ovyo ovyo kwenye betri ya pikipiki, na bomba likaharibika moja kwa moja.

Makala haya yanaeleza namna ya kutengeneza waya mmoja, mfupi na wa gharama ndogo, wa kuchajia betri ya bomba kutoka kwenye paneli ya sola. Kazi yenyewe ni ya saa moja. Lakini ndani ya saa hiyo kuna mambo matatu yasiyoruhusu mzaha: kuijua betri, kuweka fyuzi, na kupima kabla ya kuunga.

BETRI YA BOMBA NI YA NAMNA GANI

Mabomba mengi ya lita 16 yana betri ya risasi iliyofungwa, ya volti 12 na ampea-saa 8. Maana ya ampea-saa 8 ni kwamba betri ikijaa yaweza kutoa mkondo wa ampea moja kwa muda wa saa 8 hivi, au ampea 2 kwa karibu saa 4. Betri ya namna hii ina asidi ndani, ingawa haimwagiki kama ile ya gari. Haifunguliwi wala haiongezwi maji.

Yapo pia mabomba ya siku hizi yenye betri za lithiamu. Hizo ni nyepesi zaidi, lakini zina masharti yake: hutaka chaja iliyotengenezwa kwa ajili yake hasa, na zikichajiwa kupita kiasi zaweza kuwaka moto usiozimika kwa urahisi. Kwa sababu hiyo, kabla ya jambo lolote, Katibu na afungue kifuniko cha chini cha bomba, asome maandishi yaliyo ubavuni mwa betri. Ikiwa imeandikwa «Pb» au ina maneno ya kuonyesha kuwa ni ya risasi, na volti zake ni 12, waya unaoelezwa hapa unafaa. Ikiwa imeandikwa «Li-ion» au jina lolote la lithiamu, waya huu usitumike kabisa. Bomba la namna hiyo litafutiwe chaja yake.

KWA NINI ISIUNGWE KWENYE BETRI NYINGINE

Wapo wanaodhani kwamba njia rahisi ni kuunganisha betri kubwa ya sola ya ofisi na betri ndogo ya bomba kwa nyaya mbili. Mfano wa mitungi miwili utasaidia kulieleza kosa hilo. Mitungi miwili ikiunganishwa kwa mpira chini, maji hutoka kwenye mtungi uliojaa kwenda kwenye mtungi mtupu mpaka yalingane, kisha husimama. Mwanzoni maji huenda kwa kasi isiyozuiliwa na mtu, na mwishoni mtungi wa pili haujai.

Ndivyo ilivyo kwa betri. Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika huonyesha takriban volti 12.7, lakini ili betri ijazwe hutaka kusukumwa kwa volti 13.8 hadi 14.4 hivi. Betri kubwa haina msukumo huo. Hapo mwanzo itamimina mkondo mwingi kwa ghafula na kuipasha moto betri ndogo, kisha itaiacha haijajaa.

Njia iliyo sahihi ni kutumia paneli ndogo ya sola pamoja na kidhibiti cha chaji, kile ambacho mafundi hukiita kontrola. Kidhibiti hukaa katikati ya paneli na betri. Huacha mkondo upite betri inapohitaji, na huupunguza betri inapojaa. Paneli ya wati 20 hutoa takriban ampea 1.1 jua likiwa kali. Kiasi hicho kinaifaa sana betri ya ampea-saa 8, kwa kuwa betri nyingi za ukubwa huo hazitakiwi kuchajiwa kwa zaidi ya ampea 2.4 hivi. Paneli kubwa ya wati 100 iliyo juu ya paa la ofisi, basi, isiunganishwe na betri ndogo ya bomba kwa kudhani kwamba itajaza upesi. Haraka ya namna hiyo huua betri.

VIFAA VINAVYOHITAJIWA

1. Waya wa shaba wa nyuzi nyingi, wenye njia mbili, nyekundu na nyeusi, unene wa milimita 1.5 za mraba, urefu wa mita 2.

2. Kichwa cha chaja kinachoingia sawasawa katika tundu la kuchajia la bomba. Chama kikiwa na chaja iliyoungua, isitupwe. Kichwa chake chaweza kukatwa pamoja na kipande cha waya wake chenye urefu wa kiganja na kutumiwa tena. Chaja iwe imechomolewa ukutani kabla ya kukatwa.

3. Fyuzi ya ampea 3 pamoja na kifuko chake cha kuunga kwenye waya. Ikikosekana ya 3, ya 5 yafaa. Isizidi hapo.

4. Kidhibiti cha chaji cha volti 12, chenye mpangilio wa betri ya risasi iliyofungwa.

5. Tepu ya umeme, kisu, koleo, na mita ya fundi ya kupimia volti. Penye chuma cha kulehemu na lehemu, ni bora zaidi.

Huenda wajumbe wa bodi wakauliza kwa nini waya uwe mnene kiasi hicho na mfupi kiasi hicho. Jibu ni kwamba waya nao hula umeme. Katika mita 2 za waya huu, mkondo wa ampea 1.1 hupoteza takriban sehemu moja ya ishirini ya volti, kiasi kisicho na madhara. Lakini waya mwembamba wa spika wenye urefu wa mita 10 waweza kupoteza karibu volti 2. Hapo kidhibiti huona volti nyingi upande wake, hudhani betri imejaa, na hupunguza mkondo. Mkulima hulichukua bomba asubuhi akiamini limejaa, nalo humzimikia katikati ya shamba.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Kwanza, ijulikane sehemu ipi ya tundu la bomba ni chanya. Rangi za nyaya za chaja ya zamani zisiaminiwe, kwa maana watengenezaji hawafuati kawaida moja. Weka mita kwenye upande wa volti za betri. Gusisha ncha nyekundu ya mita kwenye pini ya katikati ya tundu, na ncha nyeusi kwenye bati la pembeni, kwa uangalifu ili ncha hizo mbili zisigusane. Mita ikionyesha volti 12 au karibu yake bila alama ya kutoa, pini ya katikati ni chanya. Ikionyesha alama ya kutoa mbele ya tarakimu, pini ya katikati ni hasi. Ikiwa mita haionyeshi kitu na betri ina chaji, basi ndani ya bomba mna kizuizi kinachouzuia umeme wa betri usirudi nje. Bomba hilo lipelekwe kwa fundi, kwa sababu kidhibiti hakitaweza kuiona betri kupitia tundu hilo.

Pili, unga kichwa cha chaja na waya mpya. Njia iliyo chanya iungwe na waya mwekundu, iliyo hasi na waya mweusi. Menya kila waya urefu wa kidole gumba, sokota nyuzi za shaba pamoja kwa nguvu, kisha lehemu. Pasipo chuma cha kulehemu, tumia kiunganishi cha skrubu. Maungio mawili yasikae mahali pamoja. Moja litangulie jingine kwa inchi mbili, ili hata tepu ikilegea shaba isikutane na shaba. Kila ungio lifungwe tepu peke yake, kisha yafungwe yote pamoja.

Tatu, weka fyuzi. Kata waya mwekundu karibu na kichwa cha chaja, umbali usiozidi shubiri moja, uunge kifuko cha fyuzi hapo. Mahali hapo si pa kubadilishwa. Watu wengi huweka fyuzi upande wa paneli wakidhani kwamba hatari hutoka kwenye paneli. Kumbe paneli ya wati 20, hata nyaya zake zikigusana, haitoi zaidi ya ampea 1.2 hivi. Hatari iko kwenye betri. Betri ndogo ya bomba, nyaya zake zikigusana, yaweza kumwaga makumi ya ampea kwa mara moja, kiasi cha kuufanya waya uwe mwekundu na kuwasha kitu chochote kilicho karibu. Kwa hiyo mlinzi asimame mlangoni pa betri. Fyuzi ikiungua, itafutwe sababu. Isifungwe karatasi ya sigara wala uzi wa shaba mahali pake, maana kufanya hivyo ni kumfukuza mlinzi na kuuacha mlango wazi.

Nne, ncha mbili zilizobaki zimenywe kidogo, kiasi cha kuingia tu kwenye skrubu za kidhibiti zenye alama ya betri. Shaba isionekane nje ya skrubu.

Na hapa lipo onyo moja ambalo halina budi kutiliwa mkazo. Waya huu usiwekwe plagi ya ukutani katika ncha yake yoyote, hata kama ndiyo plagi pekee iliyopatikana. Itatokea siku mtoto au mgeni atauona, atadhani ni waya wa kawaida, na atauchomeka kwenye umeme wa volti 230. Matokeo yake ni moto, au msiba.

KUPIMA KABLA YA KUUNGA

Chomeka kichwa cha chaja kwenye bomba, huku zile ncha mbili za upande wa pili zikiwa zimetenganishwa, zisigusane. Pima: ncha nyekundu ya mita kwenye waya mwekundu, nyeusi kwenye mweusi. Mita yapasa kuonyesha volti 12 au karibu yake, bila alama ya kutoa. Ikionyesha alama ya kutoa, waya umegeuzwa. Chomoa, urekebishe, upime tena. Pasionekane kitu, fyuzi imeungua au ungio limeachana.

Kazi hii ya dakika mbili ndiyo inayookoa kidhibiti, betri na bomba. Mwenye haraka huiruka, kisha hununua vifaa vipya kwa fedha za wanachama.

NAMNA YA KUCHAJI

Bomba lioshwe kwanza, ndani na nje, na mikono ioshwe kwa sabuni, kwani mabaki ya dawa hukaa hata karibu na tundu la kuchajia. Mahali pa kuchajia pawe na hewa ya kutosha, mbali na marobota ya pamba, mbali na chumba cha dawa, na mbali na moto. Paneli iwekwe juani. Kidhibiti na bomba vikae kivulini.

Utaratibu wa kuunga ni huu: betri kwanza kwenye kidhibiti, paneli baadaye. Wakati wa kufungua, paneli itangulie kutolewa, kisha betri. Sababu ni kwamba kidhibiti hukijua kipimo cha kazi yake kwa kuiona betri. Kikiletewa paneli kabla ya betri, chaweza kupotea au kuharibika.

Baada ya nusu saa, gusa kichwa cha chaja na maungio yote kwa mkono. Ungio la moto ni ungio baya. Lifunguliwe na kufungwa upya. Pima volti kwenye betri: zapasa kupanda polepole kutoka 13 kuelekea 14.4. Zikizidi 15, ondoa paneli mara moja, maana kidhibiti hakifanyi kazi yake.

Je, betri hujaa kwa muda gani? Siku ya jua zuri yaweza kuhesabiwa kuwa na saa 5 za jua kamili. Saa 5 kwa ampea 1.1 ni ampea-saa 5 na nusu, kabla ya kutoa zile zinazopotea njiani. Betri iliyotumika nusu, yaani iliyopungua ampea-saa 4, hujaa kwa siku moja. Iliyokwisha kabisa hutaka siku mbili, na wakati wa mawingu ya masika huweza kuzidi hapo. Kwa hiyo paneli moja ihudumie bomba moja kwa wakati mmoja. Chama chenye mabomba manne na paneli mbili kipange zamu: mawili yawe shambani, mawili yawe juani.

KUTUNZA BETRI BAADA YA MSIMU

Betri nyingi za mabomba hazifi kwa kazi. Hufa kwa kuachwa tupu. Betri ya risasi ikikaa bila chaji, chumvi ya risasi huganda juu ya bamba zake na kuwa ngumu, na baada ya miezi michache hairudi tena hata ikichajiwa wiki nzima. Bomba linaporudishwa ghalani jioni, lichajiwe kesho yake, lisingojee siku ya kuhitajiwa. Msimu ukiisha, betri zote zijazwe, na baada ya kila miezi miwili au mitatu zichajiwe tena. Betri iliyopumzika saa kadhaa ikionyesha volti 12.7 au zaidi imejaa, ikionyesha 12.2 imebaki takriban nusu. Ikishuka chini ya 11.9 ihesabiwe kuwa tupu.

Betri iliyokufa isitupwe shimoni wala kuvunjwa na watoto wanaotafuta risasi ya nyavu. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Iuzwe kwa wanunuzi wa betri kuukuu wenye kibali, na fedha yake iingizwe katika hesabu za chama kwa stakabadhi.

WAJIBU WA KATIBU

Waya ni mali ya chama kama ilivyo mizani. Uandikwe katika rejista ya mali, ufungwe kibandiko chenye maneno haya: «Betri ya risasi volti 12 tu. Fyuzi ampea 3.» Pawe na daftari la kuchaji lenye tarehe, namba ya bomba, volti kabla ya kuchaji, volti baada ya kupumzika, jina la aliyelichukua na sahihi yake. Daftari hilo lina faida mbili. Kwanza, huonyesha ni betri ipi imeanza kuchoka kabla haijamwangusha mtu shambani. Pili, huondoa ugomvi. Mwanachama akilalamika kwamba alikodishwa bomba tupu, na Katibu akisema lilikuwa limejaa, tarakimu zilizoandikwa siku ile ndizo zitakazoamua, wala si ukali wa sauti.

Yafaa pia bodi iteue watu wawili, si mmoja, wa kufundishwa kazi hii. Chama ambacho ujuzi wake wote umo kichwani mwa mtu mmoja husimama siku mtu huyo akiugua au akisafiri.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Fyuzi moja na dakika mbili za kupima ni kuziba ufa. Mwanachama aliyelima, akapanda, akapalilia na kulipia dawa amekwisha kutimiza sehemu yake. Asubuhi anapokuja ghalani kabla upepo haujaanza, chama chake kimkabidhi bomba lililojaa.